Nyumba Iliyosahau Suruali

Hivi wewe umewahi kuibiwa maneno? Sisemi kusengenywa, wala kusingiziwa. Nasema kuibiwa hasa: neno umelitoa kichwani mwako likiwa bado la moto, ukampa mtu mmoja tu kwa sababu unampenda, halafu siku moja unamkuta barabarani anawagawia watu wengine, nao wanacheka mpaka wanashika mbavu na kumsifu yeye. Kama hujawahi, shukuru Mungu wako, kisha usikilize yaliyompata fundi mmoja wa kushona, na namna alivyolipiza.

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwembamba, mwenye vidole visivyotulia. Alikuwa na mwaka wa nne katika mji ule wa ugenini. Kazi yake ilikuwa kurekebisha nguo: kufupisha suruali, kubadilisha zipu, kuachia kiuno cha gauni la mtu aliyenenepa na hataki kukubali. Karakana yenyewe ilikuwa nusu chini ya ardhi, dirisha lake likiwa sawasawa na njia ya waendao kwa miguu, kwa hiyo Jumatatu mpaka Ijumaa mji wote aliujua kwa viatu vyake tu. Mwenye karakana alikuwa mama mmoja mnene wa makamo, wa lugha moja naye, ambaye kila mtu alimwita Shangazi ingawa pale hakuwa shangazi wa yeyote.

Ijumaa moja jioni, kwenye kituo kikubwa cha treni, watu wamejaa kila mtu anakimbilia kwake, fundi alikumbwa na begi la mtu. Kopo lake la pini likamtoka mkononi, likafunguka, pini mia mbili zikatawanyika sakafuni.

"Mama yangu wee, nimekwisha!" akapiga kelele kwa lugha ya kwao.

"Hujaisha bado, dada," sauti ikajibu nyuma yake kwa lugha hiyohiyo. "Ukiisha nitakuambia."

Aligeuka akamwona mwanamume mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye kizibao cha rangi ya chungwa chenye michirizi ya kumulika, viatu vizito, na tochi ndefu kiunoni. Mwanamume hakungoja kuombwa. Akachuchumaa, akawasha tochi, akailaza ubavuni sakafuni, na pini zote zikaanza kumetameta kama umande. Wakaziokota moja moja, huku watu wakiwaruka.

"Zilikuwa ngapi?"

"Mia mbili."

"Ziko mia na tisini na saba. Kuna watu watatu leo watafika kwao wakidhani wamepatwa na ugonjwa wa nyayo."

Fundi akacheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa kumempotea siku nyingi. "Na wewe unafanya kazi gani na tochi kiunoni?"

"Nasoma mita za maji. Naingia nyumba hamsini kwa siku, na hakuna hata moja inayoniambia karibu chai."

"Basi wewe utakuwa Mita."

"Na wewe Sindano. Maana nimekuona dakika kumi tu na tayari nimechomwa."

"Maneno hayo umewaambia wangapi?"

"Wewe wa kwanza. Na nimeona haya, angalia masikio yangu."

Ndivyo walivyoanza. Kila Jumamosi, saa moja asubuhi, walikutana kituoni wakaingia basi la kwanza linalotokea, bila kuuliza linakwenda wapi, wakashuka kituo cha tisa. Hapo walianza kutembea. Yeye Mita alibeba chupa ya chai, Sindano alibeba vikombe viwili amevifunga kwenye mabaki ya kitambaa visigongane. Mji saa hizo ulikuwa bado haujaamka sawasawa. Unasikia mlango wa duka la mikate unafunguliwa mtaa wa pili, unasikia ufagio, unasikia mtu anakohoa ghorofani na kufungua dirisha. Njiwa wanatembea katikati ya barabara kana kwamba wamepanga pale. Maji ya kuoshea ngazi yanateremka ukingoni mwa njia polepole, na nyayo zao wawili ndizo sauti kubwa kuliko zote.

Mita aliujua mji kwa namba. Sindano aliuangalia kama anavyoangalia mteja anayeingia karakanani.

"Ona ile," alisema Jumamosi ya kwanza, akionyesha nyumba iliyopakwa rangi safi ghorofa za juu, chini imebaki matofali yaliyochubuka. "Imevaa shati, imesahau suruali."

Mita alicheka mpaka akamwaga chai.

"Na ile yenye madirisha yote yamefungwa, imefunga vifungo mpaka shingoni. Imeudhiwa na mtu. Mtaa huu nao umekatwa upande, mshazari wa uzi, ndiyo maana unavutavuta. Na hizi mbili zilizobanana, hizi ni mapacha waliogawana koti moja."

"Sindano," Mita alisema, macho yamemtoka, "mimi nimeingia maelfu ya nyumba za mji huu. Nimeona ngazi zake, mbwa wake na mita zake. Sikuwahi kuona kwamba zimevaa."

Miezi saba ikapita hivyo. Kwanza walitembea mkono kwa mkono, halafu vidole ndani ya vidole, na siku moja chini ya paa la kituo cha basi, manyunyu yakiwapiga miguuni, wakabusiana hadi basi likaja likaondoka. Kila adhuhuri Mita alimpigia simu. "Malkia wangu, umekula?" "Nimekula uzi." "Nikuletee nini?" "Jilete." Shangazi akisikia hivyo anaongeza kishindo cha cherehani makusudi.

Siku moja tu Mita hakuwa wake: Jumapili. "Jumapili watu wako majumbani, mpenzi," alisema. "Ndiyo siku nzuri ya kusoma mita." Sindano akakubali. Kwa nini asikubali?

Sasa sikiliza. Jumapili moja Shangazi alimtuma apeleke suruali kwa hakimu mmoja mstaafu, mzee mkali aliyekuwa na safari mchana huo. Sindano akabonyeza kengele ya mlango wa buluu. Mzee akatoka na kanzu ya kulalia, nywele zimesimama, akanyakua suruali, akafoka kwa lugha ya mji ule kwamba mtu mwenye akili hagongi mlango wa mwenzake Jumapili kabla ya mchana, kisha akaubamiza mlango hadi kitasa kikalia. Sindano akabaki na mfuko mtupu mkononi. Akashuka mtaani, na alipokaribia kona akasikia kicheko cha watu wengi, na katikati yake sauti anayoijua.

Alijibanza nyuma ya lori la samani. Mita alikuwa amesimama mbele ya watu kama tisa, wageni waliotoka nchi ya kwao, wamevaa viatu vya kutembelea na kamera shingoni. Hakuwa na kizibao wala tochi. Alivaa koti la kijivu ambalo Sindano mwenyewe alimbadilishia vifungo.

"Mimi, ndugu zangu, huwa naziangalia nyumba kama watu waliovaa nguo," alikuwa akisema. "Hii hapa, mnaiona? Imevaa shati, imesahau suruali!"

Wageni wakaangua kicheko. "Na ile imefunga vifungo mpaka shingoni. Imeudhiwa." Kicheko tena. Mama mmoja mwenye kofia ya njano akamshika mkono. "Kaka, una kichwa wewe! Haya yote unayatoa wapi?"

Sindano alimwona Mita anafungua mdomo, anafikiri kidogo, halafu anatabasamu.

"Yanakuja tu yenyewe," akasema.

Wapo waliobaki nyuma wakipiga picha. Mmoja akamwambia mwenzake, "Bado yuko kwenye majaribio. Sisi mwisho tunajaza karatasi za alama. Akifaulu ofisi ya matembezi inamwajiri."

Sindano alirudi kwa miguu. Njia nzima alikuwa akisema peke yake kama mgonjwa wa homa: "Yanakuja yenyewe? Yenyewe? Kwa miguu yao?"

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, pini tatu mdomoni. Akazitoa. "Mwite umuulize."

"Nikimuuliza nitakuwa nimempa nafasi ya kujiandaa."

"Basi mwache."

"Nikimwacha nitakuwa nimemwachia na nyumba zangu zote."

"Sasa unataka nini, mwanangu?"

Sindano aliinama akakata uzi kwa meno, na Shangazi, aliyemjua, akaona ni afadhali arudi kwenye mashine yake.

Usidhani fundi cherehani hana silaha. Mtu akikuletea nguo kurekebisha anakuletea na habari. Anasimama kwenye kiti kidogo ukimpima, hana pa kwenda, basi anasema. Sindano alijua nani anaachana na nani, nani anahama, nani amefukuzwa kazi na anatoka kila asubuhi kama anakwenda kazini. Wiki ile alikuja fundi wa rangi wa halmashauri kushonewa goti la suruali. "Ifanye haraka, dada," alisema. "Jumamosi jioni tunapaka mabenchi yote ya bustani ya mzunguko."

Jumamosi asubuhi Sindano alimpitisha Mita bustani hiyohiyo. Alikuwa amevaa gauni la samawati lenye mikono mifupi, amejipaka wanja, na alikuwa mtamu kama kawaida, na pengine zaidi.

"Jumapili yako itakuwaje?" akamuuliza kwanza.

"Mita tu, mpenzi. Mita na mbwa."

"Haya." Akagusa benchi kwa ncha ya kidole. "Unajua watu wa hapa wanasemaje? Akikaa kwenye benchi hizi Jumapili kabla ya saa nne, mtu anaolewa au anaoa mwaka huohuo."

"Acha!"

"Nimeambiwa na mteja."

Jumapili mchana simu ikaita. Mita alikuwa anaongea kwa sauti ya chini.

"Sindano wangu, nikuulize kitu cha kikazi. Rangi ya mafuta inatoka vipi kwenye nguo?"

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Nguo ngapi?"

"Kama tisa hivi. Nyuma."

"Tisa! Kwani leo mita mlizisoma kwa makalio?"

"Ni... ni wenzangu kazini. Tulikaa mahali."

"Pole mpenzi. Tumia mafuta ya taa kidogo, halafu sabuni. Ila haitoki yote." Akakata simu, akaweka kichwa juu ya meza ya kukatia, akacheka mpaka machozi yakaloanisha chaki. Shangazi akamtazama, akatikisa kichwa.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya majani. Mtunza bustani, ambaye ovaroli lake lilikuwa linakuja limelowa siku zote, alikuwa amemweleza kwamba mabomba ya kumwagilia yako chini ya nyasi na hujifungua yenyewe saa tatu kamili asubuhi. Sindano akamwambia Mita kuwa katikati ya nyasi zile pana mwangwi: ukisimama pale saa tatu kamili ukaita, sauti yako inarudi mara tatu. Jumatatu Mita akapiga simu akipiga chafya.

"Mafua umeyatoa wapi, laazizi?"

"Mvua."

"Jua lote hili?"

"Ilikuwa mvua ya... ya sehemu."

"Jifunike. Mtu asiyejifunika anaweza akaonekana alivyo." Mita akacheka kwa unyonge, hakuelewa. Sindano akarudi kwenye pasi yake, moyo umenyooka kama kola iliyotiwa wanga.

Lakini siwezi kukuficha. Jumamosi zile zilikuwa nzuri vilevile, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Mita alikuwa amekonda kidogo. Alimshika mkono kwa nguvu kuliko zamani. Kila alipotaja nyumba mpya, Sindano alimwona midomo ikichezacheza, anaikariri, na hapo hasira ikamrudia mbichi. Na kila Jumamosi alimuuliza mara moja, kwa sauti ya upole kabisa, "Jumapili yako itakuwaje?" Ulikuwa mlango anaomfungulia. Na kila Jumamosi Mita aliufunga: "Mita tu, mpenzi."

Kisha siku moja akasema, "Jumapili hii mkuu wetu wa kazi anakuja kunikagua. Niombee."

Sindano akajua. Mkuu wa ofisi ya matembezi. Alama za mwisho.

"Nitakuombea," akasema, na akageuza njia, akampeleka mtaa wa mlango wa buluu.

Walisimama upande wa pili wa barabara. Jua lilikuwa limefika kwenye ngazi ya nyumba. "Unauona mlango ule?" Sindano alisema. "Ndani yuko mzee aliyekuwa fundi wa saa. Ana saa mia mbili ukutani, kila moja inalia kwa sauti yake. Hana mtu wa kumtembelea. Ukibonyeza kengele mara tatu, mkapiga makofi, anafungua anawaonyesha zote, anafurahi mpaka analia."

"Wewe umejuaje?"

"Namshonea nguo zake." Na hilo lilikuwa kweli.

Mita akauangalia mlango kwa macho laini. "Twende tumgongee sasa. Maskini."

Sindano akamvuta mkono. "Jumamosi analala! Jumapili ndiyo hufungua. Asubuhi."

"Basi siku nyingine." Akamgeukia, akamshika mikono yote miwili, vidole vyake vikapita juu ya alama za pini. "Sindano. Kuna jambo nataka nikuambie. Lakini si leo. Mungu akijalia, Jumatatu."

Kwa muda Sindano alitaka kumwambia usiende kwenye mlango ule. Neno lilifika kooni. Akauliza mara ya mwisho, "Jumapili yako itakuwaje?"

"Mita tu, mpenzi."

Akalimeza.

Jumapili alivaa koti refu jeusi la Shangazi, ambalo lingeweza kumchukua yeye na mwenzake mmoja, akajifunga kitambaa kichwani, akavaa miwani ya jua. "Unafanana na mjane asiyehuzunika," Shangazi alimwambia mlangoni. "Kaa nyumbani, mwanangu. Umeshamkomoa vya kutosha."

"Bado."

Akajichanganya nyuma ya kundi la watu kumi na mmoja. Mkuu alikuwepo, mwanamke mfupi mwenye suti ya kijivu na faili kifuani, anaandika bila kutabasamu. Mita alitembea mbele, koti limepigwa pasi. Kisha akaanza. Shati na suruali. Vifungo mpaka shingoni. Mapacha na koti moja. Mtaa uliokatwa upande. Watu walicheka, na mkuu naye akacheka mara moja, akaandika. Sindano nyuma ya miwani alikuwa anayasikia maneno yake yakipita mbele yake, yamevaa vizuri, hayamsalimii.

Wakafika mlango wa buluu.

"Hapa, ndugu zangu, pana kitu ambacho hamtakiona kwenye kitabu chochote," Mita akasema. Akawaeleza habari za saa mia mbili. Akaeleza vizuri kuliko Sindano alivyomweleza. Akaongeza kuwa mzee yule pengine ameketi sasa hivi anangoja mtu. Mama mmoja akajipangusa jicho. Mita akabonyeza kengele mara tatu. Watu kumi na mmoja wakapiga makofi.

Kwanza kimya. Halafu nyayo za kishindo. Mlango ukafunguka, hakimu akatoka na kanzu yake ya kulalia na fimbo yake ya kutembelea, na alichosema sitakirudia hapa. Fimbo ilipiga hewani, ikapiga nguzo ya ngazi, ikapiga faili la mkuu. Karatasi zikaruka, nyingine zikateremka mtaroni. Wageni wakakimbilia huku na huku. Mzee mmoja alikuwa bado anapiga makofi, akidhani ni sehemu ya maonyesho. Mlango ukabamizwa.

Mkuu aliokota faili lake. "Nani alikuambia hapa kuna saa?"

Mita alikuwa anauangalia mlango. Sindano alimwona akielewa. Alimwona akihesabu: mabenchi, nyasi, mlango. Uso wake ukabadilika, pole kwa pole, kama kitambaa kinacholowa. Sasa atanitaja, Sindano akawaza. Sasa atasema kuna mwanamke amenidanganya. Akasogea mbele ili asikie vizuri.

"Hakuna mtu," Mita akasema. "Nimetunga mwenyewe."

Hapo ndipo Sindano alipopandwa na wazimu.

"Mwongo!" Akavua miwani, akavua kitambaa, akapita katikati ya watu koti la Shangazi likiburuza chini. "Mwongo mkubwa! Hata uongo wangu unauchukua? Hata huo? Ule ni uongo wangu! Nimeutunga mimi, siku tatu, huku napiga pasi!"

"Sindano..."

"Mabenchi ni yangu! Maji ni yangu! Na nyumba iliyosahau suruali ni yangu, na mapacha ni wangu, na vifungo, na huu mtaa uliokatwa upande, kwani wewe unajua kitambaa kukatwa upande ni nini? Waeleze! Waeleze hawa, nasikiliza!"

Mgeni mmoja akanong'ona, "Kumbe ni wapenzi."

"Dada, wewe ni nani?" mkuu akauliza.

"Fundi. Na upindo wa sketi yako umepanda upande wa kushoto, aliyekushonea alikuharakisha."

Mkuu akajiangalia bila kutaka. Kisha akafunga faili. "Ndugu wageni, tufuatane. Matembezi nitayamalizia mimi." Akamgeukia Mita. "Wewe usije ofisini kesho." Wakaondoka, viatu vyao vya kutembelea vikigonga mawe mpaka konani, na mtaa ukarudi kuwa kimya, kimya kilekile cha asubuhi zao.

Mita akaketi ukingoni mwa njia. "Umefurahi?"

"Sana," Sindano akasema, na machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni. "Nimefurahi mno."

"Wamebadilisha mita," Mita akasema akiangalia viatu vyake. "Mji mzima. Mpya zinajisoma zenyewe, hazihitaji mtu. Mwezi wa nne huu sina kazi."

"Ukashindwa kuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe unaniita Mita."

Sindano akakikunja kitambaa cha kichwani, akakikunjua.

"Ofisi wakaniuliza unajua nini cha kuwaambia wageni kuhusu mji huu," Mita akaendelea. "Nikatafuta kichwani. Nikakuta namba tu. Kitu pekee kizuri nilichokuwa nacho kilikuwa chako."

"Na siku ile mama mwenye kofia ya njano alipokuuliza umeyatoa wapi?"

Mita akainua macho. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Yanakuja tu yenyewe."

Mita akaufunika uso kwa viganja. "Nilitaka kukutaja. Kweli nilitaka. Halafu nikaona nikikutaja watauliza, sasa wewe una nini chako? Nikaona aibu. Nikakuibia." Akashusha mikono. "Ulifanya vizuri kuniangusha. Ila niambie sasa, maana sijui tena. Unataka nini kwangu? Niondoke? Niwafuate wale nikawaombe radhi? Nipige magoti hapa mlangoni pa huyu mzee?"

"Usipige magoti, utatoboa suruali, na mimi siishoni."

"Basi unataka nini, Sindano?"

Ni swali lilelile ambalo Shangazi alimuuliza. Alilikimbia wiki nzima, mwezi mzima, akalizika kwa rangi ya kijani na maji na kengele, na lilikuwa bado pale, linamngoja. Akalikunja koti la Shangazi chini yake, akaketi ukingoni mwa njia, si karibu sana, si mbali. Akajipangusa pua kwa kitambaa cha kichwani. Alipoongea, ukali wote ulikuwa umemtoka kwenye sauti.

"Nilitaka siku ile, mbele ya wale watu, useme: haya yote kaniambia mwanamke ninayempenda. Maneno matano tu. Hata kwa sauti ndogo."